Redio ya CB ya lori na ya nyumbani: anza na volti

Ukiulizia redio ya CB, ile ya kuongea kwa maiki kati ya malori au nyumba bila mtandao wa simu, Mwanza mjini, muuzaji atakutajia wati. Wati hazikusaidii kuchagua. CB ya kawaida hutoa wati 4 kwa AM na 12 kwa SSB (njia mbili za kurusha sauti; SSB hufika mbali zaidi), kwenye chaneli 40 kati ya 26.965 na 27.405 MHz, iwe ya bei kubwa au ndogo. Cha kuuliza ni volti, na hilo wauzaji hulikwepa.

Scania, Howo na FAW zinazopakia Nyakato na Igoma zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Redio nyingi za CB ni za volti 12 hadi 13.8. Fundi mwenye haraka huunga waya kwenye kiungo cha katikati ya betri, anapata volti 12, redio inawaka, anachukua hela yake. Kuanzia siku hiyo betri moja inatumika zaidi ya mwenzake, huku altaneta ikizichaji zote kana kwamba ni moja. Inayolisha redio haijai kamwe. Nyingine inazidishiwa chaji, inachemka na kukauka maji. Mwenye lori atanunua betri mpya na kulaumu betri.

Fundi akitumia betri ya juu, ile yenye chanya ya volti 24, mambo ni mabaya zaidi. Bodi ya redio nyingi imeungana na hasi ya redio, na wavu wa nje wa kebo ya antena umeungana na chesi. Betri ya chini, ile ambayo hasi yake iko kwenye chesi, inapigwa shoti kupitia waya wa hasi na ule wavu. Fyuzi iliyo kwenye waya wa chanya haikati shoti hiyo, maana umeme wake haupiti hapo. Kwa hiyo ukikuta waya wa redio umeungwa katikati ya betri, ung'oe leo.

Ndiyo maana kwa lori naiweka President ya Ufaransa mbele, bila kuficha. Johnson II ya AM na McKinley yenye AM na SSB hupokea volti 12 na 24 bila kifaa cha ziada. Soma kibandiko cha nyuma mwenyewe: kiwe kimeandikwa 12/24 V, maana si kila President iko hivyo. Kama mtakuwa malori mawili au matatu tu kuelekea Shinyanga, Johnson II inatosha. McKinley ina faida pale ambapo hata mwenzako ana SSB.

Ya pili ni Cobra 29 LTD Classic. Ni imara na sauti yake inasikika wazi, ila ni ya volti 12 tu. Inahitaji konveta ya 24 kwenda 13.8, isiyopungua ampea 5, na hapa ndipo wengi hupoteza walichookoa, kwa sababu konveta duni huvuma ndani ya masafa yaleyale ya 27 MHz. Nenda dukani na betri ya pikipiki. Washa redio kwa betri hiyo kwenye chaneli tupu, fungua skwelchi (kinachonyamazisha kelele) hadi mwisho, tazama mshale wa mita ya redio. Kisha iwashe kwa konveta. Mshale ukipanda, konveta hiyo itakufunikia sauti za mbali safari nzima. Muuzaji akikataa kipimo hicho, ondoka.

Uniden PRO505XL ni ndogo, inafaa kabati finyu, na nayo ni ya volti 12. Baofeng UV-5R wanayoiuza kwa jina la CB haifiki 27 MHz. Haitaongea na CB yoyote.

Antena ya lori ifungwe kwenye chuma kitupu. Kwaruza rangi chini ya kishikio, kisha pima kwa mita kutoka kishikio hadi hasi ya betri: isizidi omu 1. Pima SWR, yaani kiasi cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, kwenye chaneli 1 na 40. Ikiwa kubwa kwenye 40, antena ni ndefu, ipunguze kidogo kidogo. Ikiwa kubwa kwenye 1, ni fupi. Chini ya 1.5 ni nzuri. Ikizidi 3, usibonyeze maiki.

Nyumbani redio yoyote ya CB kati ya hizo inafaa kwa pawa saplai ya volti 13.8 na betri ya akiba umeme ukikatika. Pesa iende kwenye antena: Antron 99 juu ya mlingoti. Ukiwa mlimani kama Bugando unafaidi kimo, lakini mwamba haupitishi nondo ya ethi, ile ya kupeleka radi ardhini, na radi za ziwani hazina mchezo. Tandaza waya mnene wa shaba ndani ya udongo kati ya mawe, uunge na nondo zaidi ya moja pale zinapoingia, na chomoa kebo wingu likitanda.

Kabla ya kulipa, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu kibali cha kifaa na leseni ya masafa. Duka halitakwambia.

Kebo ya antena ndiyo dhuluma inayoniudhi kuliko zote. Kwa mita 20, kebo nyembamba ya RG-58 humeza zaidi ya robo ya nguvu yako. RG-213, iliyo nene, humeza karibu nusu ya hapo. Lakini inauzwa kebo yenye maandishi ya RG-213 na bei ya RG-213, ndani ikiwa alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza waya wa kati kwa kisu mbele ya muuzaji. Ukionekana mweupe chini ya shaba, mrudishie kabla hajaikata.