Masita (shahada ya pili) ya hisabati upande wa data, niliisomea hapa Goma kwa intaneti: naipa 13 juu ya 20

Tangu nimalize, hakuna wiki inapita bila mutu kuniandikia WhatsApp, "mwalimu, ile masita yako ya data iko muzuri ao ni kula feza za batu tu?" Basi naandika mara moja, mwenye atauliza tena namutumia hii. Jina la iniversite siweki, jueni tu iko Ulaya, masomo yote kwa intaneti, miaka 2, na mi nilikuwa nasoma usiku juu muchana niko na darasa, nafundisha hesabu mu sekondari upande wa Ndosho.

Nianze na kile kilinishangaza. Kwa matangazo yao banaandika DATA na maherufi makubwa, unaona mapicha ya batu bamekaa mbele ya ekra tatu tatu, kumbe semestri ya kwanza data yenyewe hauioni hata kwa dirisha. Ni aljebra linyeri, probabilite yenye inaanza na Lebesgue (hesabu nzito ya kupima ukubwa wa vitu), kisha optimizasio, demonstrasio juu ya demonstrasio. Mu grupe yetu tulianza Bacongomani 6, Noeli inafika tuko 2.

Lakini ile semestri njo sehemu ya feza yangu yenye sijutie. Mfano moja tu. Mwalimu wa probabilite aliuliza hivi: chukua boli, iweke mu boxi yenye inaikamata sawasawa pande zote, boli inakula sehemu gani ya boxi? Mi nilikuwa na fromaji ya Masisi pale mezani, ile ya duara, nikachora karé kuizunguka. Duara mu karé, dimensio 2, inajaza 78.5%. Sawa. Boli ya mupira mu boxi, dimensio 3, inashuka kwa 52.4%. Nikafikiri itaendelea kushuka polepole hivyo. Dimensio 10 ni 0.25%. Nilirudilia ile hesabu mara 3, bibi yangu akauliza kama siku hizi fromaji inapimwa ao inaliwa. Yaani boxi karibu yote imekuwa pembe, katikati hakuna kitu. Sasa mutu yeyote anaanza hii kazi wanamupatia MNIST, tupicha twa namba zimeandikwa na mukono, 60,000 za kufundishia mashini na 10,000 za kuipima, kila kapicha ni pikseli 28 kwa 28, kila pikseli ni namba moja, basi kapicha ni pointi mu dimensio 784. Mu Birere, kartie ya hapa Goma yenye nyumba zimebanana, jirani anasikia hata vile unakohoa, lakini ukitupa pointi ovyo mu dimensio 784 zote zinakuwa karibu umbali moja, jirani wa karibu na wa mbali haubatofautishe. Njo pale nilielewa juu ya nini banapunguza dimensio kwanza, na ile mbinu yenyewe, ACP (kubakiza pande chache zenye zinabeba habari mingi), Karl Pearson aliiandika 1901, ordinateri haiko hata mu ndoto ya mutu. Miaka 9 nafundisha matrisi na sikujua zinasaidia nini zaidi ya kutatua ekwasio 3.

Upande wa vitendo njo naona walituibia kidogo. Python, lugha ya kuandikia programu, ni wiki chache, mwalimu anasoma slaidi mwanzo hadi mwisho, na data zote wanazotupatia zimekwisha kuoshwa, hakuna hata fasi moja imebakia tupu. Mwenye amefanya ankete huku kwetu anajua: unapokea fishe, mutoto ana miaka 250, kijiji kimoja kimeandikwa Sake, SAKE, Saké na "sake centre", na nusu ya simu za batu ni ya mutu moja. Ile hakuna kosi inakufundisha, nilijifunza peke yangu.

Egzame sasa. Aba! Unakaa saa 3 kamera inakuangalia, ukitoka mu ekra inaandika. Probabilite ya kwanza, saa nane na dakika 20, kurani ikaenda. Nikaunga intaneti ya simu haraka haraka, ordinateri ikabakia kwa batri, nikaendelea hadi mwisho nikijisifu. Matokeo inakuja: "tabia ya kushuku", kamera ilihesabu niliangalia juu mara 4. Nilikuwa naangalia ampule kama inarudia! Niliandika, nikatuma hata picha ya ile ampule, siku 11 kisha jibu la barua moja yenye wanatumia kila mutu, nikaenda sesio ya pili. Tangu pale egzame zangu zote nilizifanyia Gisenyi, ngambo ya mupaka, Rwanda, navuka asubuhi na begi kama mutu anaenda soko, nalipa chumba siku moja. Hesabieni hiyo feza juu ya minervali, ile feza ya masomo.

Mutu mwenye diplome ya sistemu ya zamani, gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, asikilize hapa: kwao lisansi ni miaka 3, basi wanaangalia karatasi yako wanakuona umesoma 3 tu. Tuma releve (karatasi za pointi) za miaka yote 5 siku ya kwanza, usingoje bakuulize. Mi nilipoteza miezi 2.

Ordinateri, okazio inatosha, RAM ya giga 8 kama unaweza. Yangu ni 4, kazi nzito nilikuwa nazitupa kwa Colab ya bule, ordinateri za Google kwa intaneti, ila konekisio ikikatika muda mrefu unaanza upya. Video teleshajeni usiku.

Kama unachotaka ni kazi ya ONG, kusafisha data za Kobo (programu ya kukusanyia ankete) na kutengeneza tablo mu Power BI (programu ya kuchora takwimu), wacha hii masita, pale hakuna mutu atakuuliza Lebesgue, miezi michache ya mazoezi inatosha. Kama ungali kijana, hauna bana, jaribu AIMS kwanza, shule ya Afrika ya masita za hisabati, iko Kigali tangu 2016, ni hisabati kweli kweli na bursi inalipa masomo na malazi, mi familia njo ilinizuia. Kama uko kama mimi, mwalimu mwenye anapenda hesabu na hawezi kuhama, jiandikishe, lakini ukijua 13 ni satisfaksio, distinksio waliikosa juu ya ile kamera.

Kaye zangu za aljebra na za probabilite ziko, mutu wa Ndosho ao Katindo anaweza kuja kufotokopi. Ya optimizasio musiniulize, iko kwa ndugu moja tangu mwezi wa 6, na anasoma hii.