Darasa la shakuhachi: nimelipia mkao, nikaambulia kufokewa

Jamani kama magoti au mgongo wako una shida usije ukalipia hili darasa la wanaoanza shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Kijapani, hapa Osaka, nasema kwa uchungu kabisa. Tangazo lilisema wanarekebisha mkao na upulizaji, ndo maana nikatoa hela, maana nikipiga kidogo tu shingo inakaza na maumivu yanapanda mpaka nyuma ya sikio.

Sasa mwalimu anataka ukae seiza, yaani unapiga magoti unakalia visigino, sawa ni mila yao naiheshimu, ila miguu ikafa ganzi nikaomba kiti, akanijibu mbele ya watu eti anayetaka kiti akajifunze piano. Na kiti kipo pale pembeni kimerundikiwa makoti! Mbona wapigaji kibao wanapiga wamekaa kwenye kiti, na wale watawa komuso wa zamani walipiga wamesimama njiani wakiomba sadaka? Halafu niko katikati ya ro, ile sauti ya chini matundu yote matano yamezibwa, akaja akanisukuma kidevu kwa kidole. Hata hodi hakuna. Mwanzi ukanigonga meno, nikikumbuka damu inanichemka.

Kwenye meri, kuinamisha kichwa ili sauti ishuke, yeye kazi yake kufoka tu shusha, shusha. Nishushe nini sasa? Aliyenisaidia ni mama mmoja tunasoma naye, mapumziko akanisimamisha mbele ya kioo cha koridoni, akaniambia legeza mabega kabisa, ilete filimbi mdomoni usiifuate kwa kichwa, halafu kidevu ndo kiiname taratibu kama unaitikia salamu, midomo usiibane. Weee, sauti ikashuka laini bila kukatika na shingo haikuuma!

Nilitaka kutoa nyota mbili, maana huyo mwalimu akipiga mwenyewe, lazima niseme ukweli, hata ganzi ya miguu unaisahau, ro nene vile kwenye mwanzi wa sentimita 54 na kitu sijawahi kusikia. Labda hata tatu. Lakini hapana jamani, sikulipa nimsikilize yeye, nililipa anirekebishe mimi, na aliyenirekebisha hajapata hata yeni moja. Nyota moja, na hela ya mwezi ujao niliyotanguliza naidai yote.