Mti wa Krismasi wa Bustani ya Mombasa: Upi Ununue, Upi Uuache

Miche ya jamii ya misonobari huvutia sana ikiwa imepangwa kitaluni. Lakini hapa Mombasa usinunue kwa macho. Mti utakaodumu ni ule unaovumilia upepo wa chumvi, udongo wa matumbawe na jua la Januari hadi Machi, na ndicho kigezo nilichotumia kuipanga.

Wa kwanza, tena kwa mbali, ni araukaria, ule ambao wengi wetu tunauita tu mti wa Krismasi. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk, Bahari ya Pasifiki, kwa hiyo upepo wa bahari umeuzoea tangu kwao. Kabla hujatoa pesa, tazama ncha ya juu kabisa. Ikiwa imevunjika au imekatwa, uache mche huo hata ukipunguziwa bei, kwani umbo lake la kunyooka halirudi vizuri. Kisha tazama matawi: yawe yamezunguka shina pande zote, tabaka juu ya tabaka. Mche uliotokana na tawi la pembeni hukua ukiegemea upande mmoja maisha yake yote. Wauzaji wengine hubananisha miche mitatu minne kwenye mfuko mmoja ili ionekane imejaa. Wewe chagua wenye shina moja. Mwombe muuzaji autoe kwenye mfuko uone mizizi. Ikiwa imejizungusha kama kamba, mche umekaa humo muda mrefu mno. Na kumbuka, kwao mti huu hupita mita 50. Uweke mbali na ukuta na nyaya za stima, au kama ua ni mdogo, ubaki kwenye chungu.

Wa pili ni thuja, na kwa ploti ndogo ningeuchukua huu kwanza. Haukui mrefu sana, unakubali udongo wa chokaa, unafaa kupandwa kama ua wa kuzungushia ploti. Unataka jua la kutwa na mizizi isiyotuamiwa na maji. Majani ya ndani yakikauka ni uzee wa kawaida; yakianza kukauka nchani, hapo pana tatizo.

Podo ni wa tatu. Mzuri, mpole, unavumilia kivuli, ila ni mti wa bara na hukua polepole.

Saipresi usinunue, hasa ile ya manjano inayonukia limau. Hiyo ni ya baridi ya Limuru. Joto la hapa litaimaliza.

Ukitazamana na bahari na mfuko ni mwembamba, panda mvinje. Si wa jamii hii, ingawa majani yake na vitunda vyake vidogo vya magamba (koni) vinafanana na vya misonobari, lakini nguvu zake tumeziona Bamburi: mwaka 1971 ilianza kupandwa kwenye machimbo matupu ya matumbawe, mahali ambapo leo ni Haller Park.

Wowote utakaochagua, panda masika yanapoanza, Aprili. Chimba shimo upana mara mbili ya mfuko, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza makuti makavu kulizunguka shina bila kuligusa. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvi, kinga maji ya mvua utumie hayo. Kaskazi ikivuma na jua likikaza, mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni.