Miezi mitatu na DaVinci Resolve ya bure: nilivyohariri filamu yetu fupi ya chuo

Filamu yetu ina dakika 11 na sekunde 40. Tulichorekodi kwa siku nne kilikuwa saa sita na ushei, na chote kilikuja kwangu, kwa kuwa katika kundi la watu watano mimi ndiye niliyepewa kazi ya uhariri. Sikuwa na uwezo wa kununua programu wala wa kulipia kila mwezi. Nikachukua DaVinci Resolve, toleo la bure, nikakaa nayo miezi mitatu. Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi mwenzangu ambaye sasa hivi ana diski iliyojaa klipu na hajui aanzie wapi.

Uamuzi wangu nautanguliza: kwa filamu ya mwanafunzi, programu hii inatosha na kusaza. Wengi huisifia kwa rangi, na wana haki, maana DaVinci ilianza miaka ya 1980 kule Florida, Marekani, ikiwa mitambo ya kurekebisha rangi, kabla Blackmagic Design ya Australia haijainunua mwaka 2009. Mimi iliniteka kwa sauti. Nitafika huko.

Toleo la bure halina tarehe ya kuisha. Halipigi nembo juu ya picha yako, mradi usitumie vikorombwezo vilivyotengwa kwa ajili ya toleo la kulipia. Linatoa filamu yenye upana wa hadi pikseli 3840 kwa kimo cha 2160, fremu 60 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde. Toleo la kulipia, Studio, hununuliwa mara moja, bila ada ya mwezi. Kwa filamu fupi ya chuo sikuona sababu ya kulikimbilia, isipokuwa moja tu, nayo inahusu picha za gizani.

Kitakachokusumbua ni kompyuta. Yangu ina RAM ya GB 16 na kadi ya grafiki ya kawaida, na klipu zetu zilikuwa za 4K, yaani zenye upana wa pikseli kama 3840, zilizobanwa kwa mfumo uitwao H.264. Nilipocheza ya kwanza ilikwenda kwa kukwamakwama, kama mtu anayepanda ngazi gizani, nikadhani programu yenyewe ni nzito kuliko uwezo wangu. Baadaye nilielewa. H.264 hubana picha kwa kuhifadhi fremu nzima kwa nafasi nafasi, na fremu zilizo katikati huandikwa kwa kile kilichobadilika tu. Kwenye kadi ya kamera hilo linaokoa nafasi kubwa sana. Lakini mhariri hatazami picha kwa mfululizo: anaruka, anarudi, anasimama, na kila akiruka kompyuta hulazimika kurudi nyuma kutafuta fremu nzima iliyo karibu, kisha ijenge upya zinazofuata. Dawa ni proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako. Nilizitengeneza humohumo ndani ya Resolve kwa DNxHR, ambayo huhifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake, nikapunguza ukubwa wa picha hadi robo. Niliiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi kila klipu ilinifuata nilikotaka. Unapotoa filamu ya mwisho programu hurudi kwenye klipu asili, ila hakikisha mwenyewe kwenye mipangilio ya kutolea kwamba hujairuhusu kutumia proksi.

Kama kompyuta yako ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya grafiki ya kueleweka, nakushauri usijitese. Kdenlive na Shotcut ni za bure pia, nyepesi zaidi, nazo zinatumia proksi vilevile.

Kosa langu kubwa nililifanya dakika ya kwanza kabisa. Kamera yetu ilirekodi fremu 25 kwa sekunde. Mradi mpya ndani ya Resolve huanza na 24. Nilipoingiza klipu ya kwanza, programu iliniuliza kama nataka mradi ubadilike uifuate klipu, nami nikabonyeza kukataa, kwa haraka ya kutaka kuona picha. Nikahariri siku tisa. Siku ya kumi, kwenye shoti ambayo kamera inamfuata msichana akivuka chumba, nikaona picha inashtuka kidogo, inatulia, inashtuka tena, kila baada ya sekunde moja. Fremu 25 zilikuwa zinalazimishwa kukaa kwenye nafasi 24, kwa hiyo kila sekunde fremu moja ilikuwa inatupwa. Na ukishaweka klipu ndani ya mradi, kasi ya fremu ya mradi ule hufungwa. Nilifungua mradi mpya wa fremu 25 nikajenga mkato wote, yaani mpangilio mzima wa shoti, upya, ule wa zamani ukiwa kwenye skrini nyingine niutazamie. Siku nne zilikwenda hivyo.

Kwa hiyo kabla hujaingiza chochote, fungua mipangilio ya mradi, uliza kamera ilirekodi fremu ngapi, andika namba hiyohiyo. Mliorekodi kwa simu mna jambo la ziada: simu nyingi hupandisha na kushusha kasi ya fremu zenyewe wakati zinarekodi, na sauti iliyorekodiwa kwenye kifaa kingine huanza kuachana na midomo polepole. Klipu za namna hiyo zipitisheni kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza mafaili ya video, mchague kasi moja isiyobadilika, ndipo mziingize.

Kuoanisha sauti na picha kulikuwa raha. Sauti yetu ilikuwa kwenye kinasa sauti, 48 kHz na biti 24, na kamera nayo ilirekodi sauti yake hafifu ya kuongozea. Unachagua klipu za picha pamoja na za sauti, unaiambia programu ilinganishe mawimbi, na kwa dakika chache zimekaa pamoja. Klipu 11 ziligoma kwa sababu maiki ya kamera ilikuwa imezimwa. Hizo nilizioanisha kwa mkono, kwa kutafuta fremu ambayo klapa, kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera, inafunga na kuilinganisha na mlio wake. Bila klapa ningezikosa.

Sasa nije kwenye sini iliyonifunza kuhariri. Dada wawili wanakunja nguo za marehemu baba yao. Mswada ulikuwa na mistari 14 ya mazungumzo, na mkato wangu wa kwanza ulikuwa wa dakika 2 na sekunde 50. Nilihariri nilivyodhani ndivyo inavyopaswa: anayesema tunamwona, anayejibu tunamwona. Mwongozaji aliutazama mara mbili bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Kila anayesema anaonekana. Anayesikiliza yuko wapi?"

Nilirudi kwenye klipu nikawa natazama nyuso za wasikilizaji peke yake, sauti nimeizima. Kwenye teki ya tatu, yaani mara ya tatu ya kurekodi shoti ile, yule mdogo alidhani teki imeharibika, akanyamaza, akashusha pumzi huku ameshika shati. Hakuwa anaigiza tena, na palepale ndipo huzuni ilipokuwa. Tatizo ni kwamba shati liko mkono wa kushoto, ilhali kwenye shoti inayotangulia liko mkono wa kulia. Nilisita siku nzima. Kilichonisaidia kuamua ni vipimo vya Walter Murch, mhariri wa Marekani, ambaye alipoorodhesha mambo sita ya kupimia mkato mzuri aliipa hisia asilimia 51, na mahali watu na vitu vilipo ndani ya chumba akapapa asilimia 4. Nikaichukua teki ile na shati lake. Tulipoionyesha filamu darasani, hakuna aliyetaja shati.

Baada ya hapo mistari ilianza kuanguka yenyewe. Kutoka 14 ilibaki mitano. Katika Resolve, ukishikilia kitufe cha Alt unaweza kuchagua picha ya klipu bila sauti yake, ukavuta ukingo wa picha peke yake. Kwa hiyo nilimwacha dada mkubwa aanze kusema huku bado tunamtazama mdogo, na picha ikamfikia mkubwa pale tu neno lenye uzito linapotoka. Ni jambo dogo la vidole, lakini liliibadilisha sini nzima, kwa sababu mtazamaji sasa alikuwa anasubiri pamoja na msikilizaji.

Kila mstari niliouondoa uliacha shimo la sauti. Chumba hakinyamazi kabisa; kuna upepo dirishani, mvumo wa taa, gari la mbali. Ukikata maneno na usiweke kitu mahali pake, sikio linashtuka kama redio imezimwa ghafla. Mrekodi sauti wetu alikuwa na desturi ya kutusimamisha sote kila mwisho wa sini, tunyamaze dakika moja nzima arekodi chumba kitupu. Wakati ule nilimwona anatuchelewesha. Dakika zake zile ndizo zilizoziba mashimo yangu yote tisa, na namshukuru kwa dhati. Kuna chumba kimoja ambacho hatukurekodi hivyo kwa kuwa tulikuwa tunafukuzana na jua. Huko niliokota sekunde nne kutoka katikati ya maneno, kipande kwa kipande, nikaziunganisha kwa kuzififisha ncha zake. Ilinichukua jioni mbili.

Na hapa ndipo ninapoipenda programu hii. Sauti inahaririwa kwenye ukurasa uitwao Fairlight, ndani ya programu ileile, juu ya taimlaini ileile, yaani ule mstari wa muda unaopangia klipu. Fairlight yenyewe ni jina kongwe: ilianzia Sydney mwaka 1975 na kujulikana kwa kinanda cha kidijitali kilichoweza kurekodi sauti yoyote na kuipiga kama noti. Blackmagic waliinunua mwaka 2016, na ukurasa wake ukaingia Resolve na toleo la 14, mwaka 2017. Kwa mwanafunzi maana yake ni hii. Kwa utaratibu wa kawaida mhariri hufunga picha kwanza, hutoa mafaili, huyapeleka kwenye programu ya sauti, na tangu hapo kuongeza hata nusu sekunde ya picha ni kumvurugia mtu kazi. Mimi nilikuwa mhariri wa picha na wa sauti kwa wakati mmoja. Nilipoziba shimo la baada ya ile pumzi, nilisikia kwamba ukimya unakatika mapema. Nikabofya kurudi ukurasa wa kuhariri, nikairefusha shoti kwa fremu 12, nikarudi Fairlight, nikavuta sauti ya chumba ifike. Nusu dakika ya kazi. Kama ingenilazimu kutoa mafaili upya, nakiri ningeiacha ilivyokuwa, na sini ingekosa ule uzito wake.

Fairlight ina kipimo cha ukubwa wa sauti kwa LUFS, kizio cha jinsi sikio linavyousikia ukubwa huo, nacho kitumieni. Watangazaji wa Ulaya wanafuata kanuni ya EBU R128 yenye wastani wa -23 LUFS, nami niliishika kama nanga ili sini zisipishane sana. Hata hivyo kipimo hakikunitosha. Nilichanganya sauti yote kwa vipokea sauti vya masikioni, na tulipoijaribu kwenye spika za ukumbi muziki ulimeza maneno ya sini mbili. Niliushusha kwa desibeli 4 na kila kitu kikasikika. Nawasihi mjaribu kwenye spika kubwa kabla ya siku ya kukabidhi.

Kwenye rangi sikufanya makuu, ingawa ukurasa wake una zana ambazo sitazimaliza mwaka huu. Nililinganisha shoti kwa kutazama grafu za mwanga badala ya kuyaamini macho yangu yaliyochoka, kwanza mwangaza, kisha ngozi za waigizaji. Sini yetu ya usiku ilijaa chengachenga kwa sababu tulipandisha mno ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na zana ya kuondoa chengachenga imo kwenye Studio pekee. Niliitia giza zaidi ile sehemu ya nyuma hadi chenga zikazama, na sini ikakubalika. Maiki iliyochungulia juu ya fremu katika shoti moja niliiondoa kwa kuikuza picha asilimia 6. Tulirekodi 4K na filamu yetu ni ya 1920 kwa 1080, kwa hiyo hakuna ubora uliopotea. Ukurasa wa Fusion, wa kutengeneza athari za picha, niliufungua mara moja nikaufunga. Kwa filamu ya watu wawili na nguo haukuwa na kazi.

Programu inakuja na mwongozo wenye kurasa elfu kadhaa. Usiusome kama kitabu. Tafuta ndani yake neno unalolihitaji. Kampuni pia inatoa vitabu vya mafunzo bure kwenye tovuti yake, pamoja na klipu za kufanyia mazoezi, na cha uhariri nilikimaliza kwa wiki mbili.

Liko jambo moja la kulijua mapema. Mradi wa Resolve haukai kwenye folda ya klipu zako. Unakaa kwenye maktaba ya programu, ndani ya kompyuta unayofanyia kazi. Mwenzetu mmoja alichukua diski ya nje akaenda nayo kwenye kompyuta ya maabara ili atutolee nakala ya mwalimu. Alipofungua programu akakuta patupu. Klipu zote zilikuwepo, filamu haikuwepo, na alinipigia simu sauti inamtetemeka. Filamu ilikuwa kwangu, salama. Tangu siku ile kila jioni nilitoa faili la .drp la mradi, ambalo ni jepesi kiasi cha kutumwa kwa barua pepe lakini halibebi klipu, na tulipomaliza nikatoa hifadhi ya .dra, ambayo inabeba mradi pamoja na klipu zake zote. Hifadhi hiyo iko kwenye diski mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo mrekodi sauti.