ASTRAL: programu inayosikiliza jeni zinapobishana

Nimechora miti ya nasaba ya vyura wa jenasi moja kwa miaka kadhaa, na muda wote huo nilifuata njia ya wengi: unaunga jeni zote ziwe mfuatano mmoja mrefu, unaipa kompyuta, unasubiri. Mti ulitoka kila tawi likiwa na 100, alama ya juu kabisa ya uhakika. Niliuamini mpaka siku nilipochora mti wa kila jeni peke yake. Ilikuwa shida kupata hata jeni mbili zilizokubaliana kutoka mwanzo hadi mwisho, na tawi mojawapo lenye ile 100 liliungwa mkono na chini ya nusu ya jeni zangu. Ndipo nikahamia ASTRAL.

Programu hii ilitolewa mwaka 2014 na Siavash Mirarab, Tandy Warnow na wenzao. Ni ya bure, na toleo ninalotumia linaendeshwa kwa Java. DNA yenyewe haiigusi. Unaipa faili ya miti ya jeni uliyokwisha kuichora kwa programu nyingine, nayo inakurudishia mti mmoja wa spishi.

Ili uone uzuri wake, lazima ujue ubishi wa jeni unatoka wapi. Spishi haianzi na jeni mpya. Kabla kundi la wazazi halijagawanyika, ndani yake tayari kuna matoleo mawili matatu ya jeni ileile. Kundi likigawanyika, na baada ya muda mfupi likagawanyika tena, matoleo hayo yanakuwa hayajapungua hadi kubaki moja, hivyo kila spishi inaondoka na lile lililoiangukia. Kadiri kundi lilivyokuwa kubwa na muda ulivyokuwa mfupi, ndivyo jeni zinavyopishana. Kwetu wenyewe ni hivyohivyo. Jenomu ya gorila ilipochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba katika takriban asilimia 30 ya jenomu, gorila yuko karibu zaidi na binadamu au na sokwemtu kuliko hao wawili walivyo karibu wao kwa wao. Vipimo havikukosea, na binadamu na sokwemtu bado ni ndugu wa karibu zaidi.

Utadhani basi dawa ni kuhesabu kura, mti wa jeni unaojirudia zaidi ndio ushinde. James Degnan na Noah Rosenberg walionyesha mwaka 2006 kwamba matawi yakiwa mafupi mno, mti huo wa wengi unaweza kuwa wa uongo. ASTRAL inakwepa mtego huo kwa kuchukua spishi nne nne. Spishi nne zina maumbo matatu tu ya mti usio na mzizi (usioonyesha tawi lipi ni la kale zaidi), na kama ubishi umetokana na matoleo ya zamani peke yake, umbo linalotokea zaidi ndilo la kweli. Programu inatafuta mti unaokubaliana na vikundi vingi vya nne nne kuliko mingine yote. Ni wazo rahisi, na kila nikilitazama naliheshimu zaidi.

Ninachokipenda kuliko vyote kinapatikana ukiongeza -t 2 kwenye amri. Kila tawi linaandikiwa mgao wa yale maumbo matatu, yaani kila umbo linaungwa mkono na sehemu gani ya miti ya jeni. Tawi langu la 100 lilirudi na 0.38, 0.31 na 0.31, urefu wake kama 0.07, yaani mfupi sana. Yale mawili ya chini yalikuwa sawasawa, jambo ninalolitarajia matoleo ya zamani yanapogawanywa kwa bahati: vyura hawa waligawanyika harakaharaka. Tawi jingine likatoa 0.52, 0.34 na 0.14. Hapo nilisimama. Maumbo mawili yaliyoshindwa yakiachana kiasi hicho, nashuku spishi zilizaliana baada ya kutengana.

Na hapo ndipo kasoro yake kubwa ilipo. Hesabu zake hazina nafasi ya uchotara. Kwa mbu wa kundi la Anopheles gambiae, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta jeni zimevuka kati ya spishi kwa wingi, kiasi kwamba sehemu kubwa ya kromosomu zisizo za jinsia inasimulia kuvuka huko, na historia ya spishi imebaki zaidi kwenye kromosomu X. Mahali kama hapo, wengi wanakupoteza njia, na ASTRAL husikiliza wengi. Ukiona yale mawili ya chini hayalingani, usiishie kwenye mti iliokupa.

Jambo la pili ni letu watumiaji. Miti mibovu ya jeni inazaa ubishi wa bandia. Mara ya kwanza nililisha jeni fupi zisizo na mabadiliko ya kutosha, matokeo yakanichanganya wiki nzima. Sasa kwenye miti ya jeni nakunja kwanza (nayafuta, yasipige kura) matawi yenye uhakika chini ya asilimia 10, kama waandaaji wa toleo la tatu walivyoonyesha mwaka 2018. Jeni zenye nakala zaidi ya moja kwa kila spishi nazipeleka ASTRAL-Pro, ndugu yake iliyoundwa kwa jeni za aina hiyo.

Haina vitufe wala picha, ni kuandika amri tu, lakini kwa faili yangu imemaliza kabla sijarudi kitini. Mti wa vyura nimeuchora upya, na pembeni ya kila tawi nimeweka namba zote tatu pale ilipokuwa 100.