Majani ya artemisia ya pakiti: dawa imo, kipimo hakimo

Majani makavu ya Artemisia annua huuzwa kwa pakiti kwenye maduka ya dawa asili kama chai ya malaria, na muuzaji atakwambia ni tiba ya Kichina iliyothibitishwa na sayansi. Msingi upo, ila kilichothibitishwa si chai.

Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliongozwa na maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4: loweka konzi ya qinghao (jina la Kichina la mmea huu) majini, kamua, kunywa. Kuchemsha hakutajwa. Akashuku kuwa joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mwaka 1971 dondoo lake likamaliza vimelea kwa panya. Kiini chake, artemisinini, kina atomi mbili za oksijeni zilizoungana. Zikikutana na madini ya chuma kutoka kwenye himoglobini (protini nyekundu ya damu) aliyoila kimelea, muungano huo huvunjika na kuharibu protini za kimelea.

Maelekezo ya kawaida ya chai hii ni gramu 5 kwa lita moja ya maji yaliyochemka, funika, chuja, kunywa kutwa nzima kwa siku 7. Hapo ndipo inapoharibika. Majani mengine yana artemisinini asilimia 0.1, mengine huzidi 1, kwa hiyo gramu 5 zinaweza kubeba miligramu 5 au 50, na maji hayaiyeyushi vizuri. Lebo haisemi ni ngapi. Mimina pakiti kwenye karatasi nyeupe uangalie: dawa hukaa kwenye vinyweleo vya majani na maua, vijiti karibu havina kitu. Vijiti vikiwa vingi, au majani yamekuwa ya kahawia na harufu ile kali kama ya kafuri imeisha, umenunua takataka.

Hata majani mazuri hayatoshi. Katika jaribio lililofanyika Kongo na kuchapishwa 2004, siku ya 7 walikuwa wamepona wastani wa asilimia 74 ya waliokunywa chai, dhidi ya 91 wa kwinini, kisha wengi wa chai wakaugua tena. Artemisinini hupungua nusu mwilini ndani ya saa chache, na vimelea vilivyosalia huzaliana upya. Dawa mseto imeziba pengo hilo: kidonge cha ALu kina artemeta (inayotokana na artemisinini) miligramu 20 na lumefantrini 120, na lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia kazi. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila dozi, dozi 6 kwa jumla ndani ya siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Kwa malaria hatuipendekezi pakiti hii kwa bei yoyote. Shirika la Afya Duniani nalo haliungi mkono matumizi hayo, na usugu kiasi wa vimelea dhidi ya artemisinini umeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera nchini Tanzania. Dozi hafifu huuchochea. Kama umeshainywa, mwambie mhudumu wa zahanati kabla hajakupima, maana homa inaweza kuwa imeshuka huku vimelea bado vimo kwenye damu.