Sipi: msiishie kuiangalia kutoka barabarani

Nina miaka sita nauza vitenge Mbale, mashariki mwa Uganda, na kila mgeni aliyeniuliza kuhusu maporomoko ya Sipi nilimjibu "pazuri sana" bila kuwahi kufika. Mwezi uliopita nikafunga duka, nikapanda teksi ya Kapchorwa na mdogo wangu. Barabara ni ya lami, inapanda Mlima Elgon kwa kona kali hadi masikio yanaziba.

Wengi hulipiga picha poromoko kubwa, lile la mita kama 100, wakaondoka. Wanajinyima. Maporomoko ni matatu, mto ni mmoja, na raha yote imo katika kuyafuata kwa miguu. Sisi tulianzia la juu tukateremka, tukikatiza migomba na mibuni ya watu. Kijana aliyetuongoza ni Msabiny, kabila la huko, akatuonyesha mmea unaoitwa sep, unaofanana na mgomba na kuota kando ya mto. Jina Sipi limetokana nao. Penye utelezi alinishika mkono: "Dada, weka mguu upande upande, usiuelekeze chini."

Poromoko la pili ndilo lililonishinda maneno. Nyuma yake kuna pango, unaingia na maji yanaanguka mbele yako kama pazia. Hamsikilizani hata mkipiga kelele. Nilisimama pale hadi leso ikalowa chepechepe, na sikutaka kutoka. Kwa pango lile peke yake ningelipa nauli mara mbili.

Lililonikera ni malipo. Njia inapita mashambani mwa watu, na wenyewe hutoza kiingilio. Ardhi ni yao, siwalaumu. Ila bei ya matembezi tuliyopatana tulikolala haikutaja hayo, tukajikuta tunafungua pochi mara tatu njiani. Ulizeni kabla ya kuanza: je, viingilio vyote vimo? Na mbebe noti ndogondogo.

Vaeni raba zenye meno. Kandambili hapana, ngazi za kuteremkia la chini ni mwinamo mtupu.

Tulimalizia kwa mama mmoja aliyetukaangia kahawa ya shambani kwake, arabika, tukaitwanga wenyewe kwenye kinu. Nimerudi na nusu kilo. Mdogo wangu ameapa kurudi Desemba mvua zikipungua, ateremke kwa kamba kando ya lile kubwa. Mimi nitamngojea pangoni.